Miraba Iliyolala Upande

Kidole gumba cha baba kilibanwa na mlango wa karakana yake mwenyewe, mlango uleule aliokuwa akiwakemea wateja wasiubamize. Kikavimba kama nyanya. Binti yake, ambaye kwa miaka minne alichora nakshi kwenye karatasi tu, alimwonea huruma kweli. Ila ni aibu kusema: furaha ilitangulia kufika.

Seremala alikuwa ameagiza mabamba sita ya shaba ya kubandika kwenye droo za kabati, yote yawe na nakshi moja: shina linalojiviringisha mara tatu na majani yake. Matano yalikuwa tayari. La sita lilikuwa tupu, shaba nyingine haikuwepo, na seremala angefika saa kumi alasiri.

"Nitalichonga mimi, baba."

"Wewe na miraba yako? Nakshi si shamba la mahindi, mwanangu, hata tulipimie mistari!"

Baba alichonga kwa kukadiria tangu ujana, na mtaa mzima ulimwita Jicho. Binti aliamini miraba. Unaligawa bamba kwa mistari sawasawa, kila mkunjo unapata mraba wake, kila jani linajua linapoanzia na linapokomea.

"Mwache ajaribu," mama akasema kutoka mlangoni. "Au wewe utachonga kwa meno?"

Baba akakubali kwa sharti. Achore kwenye karatasi kwanza. Mchoro usipofanana na yale matano, tindo haigusi shaba.

Binti akachora. Mikunjo ilitoka safi, mviringo kabisa. Akauweka mchoro kando ya mabamba ya baba, na hata yeye mwenyewe akaguna. Haukuwa na kosa, lakini ulikaa kama mtu aliyevaa suti kwenda kufua nguo.

"Umeona?" baba akasema, wala hakuificha raha yake.

Saa sita ilikuwa imeshapita. Binti akatandika karatasi juu ya bamba moja la baba, akaisugua kwa penseli mpaka nakshi ikatokea, kisha akapiga miraba juu yake na kuhesabu. Kila mkunjo ulikuwa umeegemea kulia kwa nusu mraba. Akasugua bamba la pili, na la tatu: nusu mraba, nusu mraba. Mtu anayekosea hakosei sawasawa namna hiyo. Alipoinua macho akamwona baba kwenye kigoda, amekaa upande kama kawaida yake, ili kivuli cha kichwa kisiangukie kazi. Kumbe miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa ukiingia kwa pembeni.

Binti akavuta karatasi nyingine. Akachora miraba mipya iliyolala upande, kila mmoja kwa nusu yake, akaipanda mikunjo ileile ndani. Safari hii mchoro ulikaa na mabamba kama ndugu wa tumbo moja. Baba akautazama, akautazama tena, akakohoa.

"Haya. Ukiharibu, utamweleza seremala mwenyewe."

Binti akashika tindo, akaanza na jani la kwanza, mraba baada ya mraba. Alipolipangusa bamba na kuliweka na wenzake, seremala ndiyo kwanza anaingia. Akayashika yote sita, akayageuzageuza, akayachanganya kama karata.

"Mazuri! Yote mkono mmoja."

"Mkono mmoja wapi!" baba akadakia. Hakutaka sifa isiyo yake, wala hakutaka binti avimbe kichwa. Akachukua bamba moja, akalisogeza dirishani. "Hili la huyu. Tazama jani hili, ncha haikumaliziwa. Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Binti akasita, maana baba ni baba. Kisha akalipindua taratibu. Mgongoni palikuwa na namba, ambayo baba huikwaruza kila amalizapo bamba lake: mbili.

Seremala akajifanya anakagua dari. Baba akaiangalia ile namba, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa hata akapiga meza kwa kidole kibovu. Akapiga yowe, akacheka tena. Binti naye alicheka huku machozi yakimlengalenga, maana alijivuna na alimpenda sana.

Baba akajifuta macho. Akainuka kigodani, akalisukuma bamba mbele ya binti, akaweka tindo juu yake.

"Basi kaa," akasema. "Nimalizie hiyo ncha."