Pembe Mgongoni mwa Shangazi

...si hapo, juu kidogo, alisema Shangazi Biubwa, na Shaabani akaihamisha pembe ya chuku, ya kuumikia damu, hadi chini ya bega, akavuta hewa kwa mdomo katika kitundu cha nchani, akaziba kwa nta, ngozi ikapanda, na shangazi amelala kifudifudi jamvini anasema vilevile, eti huko Dar es Salaam Wadachi watakuoshesha vidonda vya askari miaka mitatu ndipo wakushikishe dawa, na mkoba wa dawa wa babu yako umeshaujua nusu, kaa hapa Chole umalize... na adhuhuri daktari wa Kidachi anangoja jibu bomani, kama atakwenda naye kusomea, naam au la, na Shaabani asijidanganye, moyo wake umepanda mashua siku nyingi, utabibu anautaka mpaka unamwasha, mizizi ya shangazi inatuliza homa lakini haijawahi kumwambia homa inatoka wapi, akaing'oa pembe, akachanja kwa wembe mara moja, akangoja tusi, maana shangazi akichanjwa hutukana mpaka majirani wacheke, lakini wapi, yeye yuko kwenye wali wa arusi ya jana, wali wenyewe mbichi, mwanangu, aibu tupu, akachanja tena, akazamisha kidogo, nyama nayo ngumu, anasema shangazi, na ndipo Shaabani akaliona baka, limepauka, si kubwa, akausimamisha wembe, kwa sababu yeye alikuwapo siku Mbaraka msokota kamba alipoambiwa na daktari afumbe macho, unasikia? akauliza daktari, hujanichoma bado, bwana, alisema Mbaraka, na sindano imesimama katika nyama ya mkono wake, na Shaabani alicheka, Mungu amsamehe, alicheka kwa fahari ya kuonyeshwa ukoma kwa macho yake, kisha Mbaraka akavushwa kambini ng'ambo, kitanda chake kikachomwa moto, mkewe hajapata habari zake mpaka leo... na juzi shangazi aliiepua sufuria kwa mikono mitupu, wote wakamsifu, mwanamke shupavu huyu... na sharti la daktari ni moja, mwanafunzi wake kwanza ataje wagonjwa wa mtaa wake, anza nyumbani kwako, alisema, na Shaabani akajibu upesi, kwetu wote wazima, bwana... basi akatae, abaki na mkoba, atwange mizizi anyamaze, na mtoto wa Nunu je, mjukuu wake huyu anayebebwa kwenye mgongo huu huu kila siku, analala hapa hapa, shavu juu ya baka... umeshachanja? akauliza shangazi, na damu inashuka ubavuni asiisikie, bado, shangazi, nanoa wembe, chanja basi, mwanangu, mie siogopi maumivu, na Shaabani akausogeza wembe pembeni ya baka, akagusa, kimya, akausogeza tena upana wa kidole, akagusa, ah, mwanakharamu wee, polepole! akapiga kelele shangazi, na Shaabani akakaribia kulia kwa furaha ya tusi lile, Alhamdulillahi, hapa anasikia, na pale hasikii, na hapa katikati ndio mpaka, na chini je, akagusa chini, akagusa kushoto, taratibu, kama alivyomwona daktari akifanya, akalizunguka baka lote kabla hajatambua anafanya nini, akaiogopa mikono yake, akairudisha pembe palepale juu ya baka na kuvuta, na shangazi akaendelea na wali, na Shaabani akajua kuwa adhuhuri atamtaja.