Maziwa ya Mzee Kamrudin

Kila asubuhi, saa ya chai ilipowadia, mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Kamrudin pale Rujewa ilizimwa ili watu wanywe maziwa. Mzee mwenyewe alikuja na ndoo, akamjazia kila mfanyakazi kikombe kwa mkono wake. Ndivyo alivyofanya marehemu baba yake, kwa kuwa maziwa huosha vumbi kifuani. Hilo halikuwa na ubishi. Kwenye mashine nyingine za mji ule watu hawakupewa hata maji.

Basi Rozalia alipofika kutoka chuoni Iringa kuwahoji wafanyakazi juu ya afya zao, Eliezeri alikwisha kujua la kujibu. Yeye ndiye aliyemimina mpunga kwenye mdomo wa mashine, mahali ambapo vumbi ni zito kuliko kote. Kila Jumapili alipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa la Moraviani. Pasaka ilikuwa inabisha hodi, na alfajiri ya siku hiyo, waumini wanapokusanyika makaburini kuimba ufufuo, tarumbeta yake ndiyo iliyokuwa ikizitangulia zote. Ilikuwa hivyo tangu ujana wake.

Walikaa juu ya magunia, nje, kivulini mwa ukuta.

"Kaka Eliezeri, unakohoa?"

"Sikohoi."

"Pumzi inakubana?"

"Hapana, dada."

"Mnatumia kinga yoyote ya vumbi?"

"Tunatumia. Kila siku."

Rozalia akainua macho. Hakuwa ameona barakoa hata moja. "Kinga gani?"

"Maziwa."

Gwakisa, mbeba magunia aliyekuwa akisubiri zamu yake, akadakia. "Andika na sukari, dada. Mzee akiamka vizuri anatia na sukari."

"Wewe nenda kasubiri kule," Rozalia alimwambia. "Zamu yako ikifika utanieleza hiyo sukari."

Gwakisa akaenda zake, akicheka na kukohoa. Wote waliohojiwa asubuhi ile walikuwa wamesema hawakohoi, na wengi walikuwa wamesema hivyo huku wakikohoa. Rozalia akaweka kalamu chini.

"Hili halimo kwenye karatasi yangu," alisema. "Kuna kazi uliyokuwa unaiweza zamani, na sasa inakushinda?"

Eliezeri alikumbuka bendi. Jumapili iliyopita, mazoezini, alikuwa ameshusha tarumbeta katikati ya ubeti, akawaambia wenzake kitufe kimekwama. Hata mke wake hakuwa amemwambia ukweli. Akiusema hapa, lawama itayaangukia maziwa, na mwenye maziwa ni mzee aliyewajazia vikombe miaka yote. Kumwambia mtu kwamba chakula chake hakisaidii ni kumtukana mlangoni pake. Lakini asipousema, Pasaka itamsemea mbele ya kanisa zima.

"Tarumbeta," alisema mwishowe. "Inaniishia pumzi kabla ubeti haujaisha."

"Pole, kaka." Rozalia akaonyesha tumbo, kisha kifua. "Maziwa yanashuka tumboni. Vumbi linaingia mapafuni. Hizo ni njia mbili, hazikutani."

"Kwa hiyo tumekunywa bure?"

"Chakula si bure. Ila hayajawakinga. Nitakuandikia uende hospitali Mbeya wakupime. Na usiogope, majina hatuyatoi. Bosi hatajua nani kasema nini."

Hapo ndipo Eliezeri alipokosa raha. Hakutaka mzee asikie maneno ya watu wake kutoka Iringa, kama vile amesengenywa. Jioni alijikung'uta vumbi, akaingia ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yule binti kawauliza nini?"

"Kama nakohoa. Nilimdanganya, halafu nikamwambia kweli. Nikaona uisikie kwangu kwanza. Maziwa yako ni mazuri, mzee, lakini kifua changu kimechoka. Tarumbeta inanishinda."

Mzee Kamrudin alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kisha akaifuta tena.

"Unakumbuka baba yangu alikufaje?"

"Alikohoa sana."

"Alikohoa. Na mimi nikampelekea maziwa hospitali kila siku mpaka siku ya mwisho." Akaangalia ndoo tupu pale kona. "Nilidhani haponi kwa sababu nampa kidogo."

Eliezeri akakaa naye.

Wiki iliyofuata fundi alifunika mdomo wa mashine kwa bati na kuweka bomba la kupeleka vumbi nje. Barakoa ziliwekwa pembeni mwa vikombe. "Hii ya kunywa, hii ya kuvaa," mzee aliwaambia, "na asiyevaa hanywi." Eliezeri akahamishiwa kwenye mizani, mbali na vumbi. Daktari wa Mbeya alimpa dawa, akamwambia kifua kitapata nafuu, ila hakitarudi kuwa kile cha ujana.

Pasaka, kabla jua halijachomoza, bendi ilijipanga makaburini. Aliyesimama mbele alikuwa Goodness, binti wa kwaya ya vijana, aliyefundishwa na Eliezeri mwenyewe. Eliezeri alisimama nyuma, akapuliza sauti ya chini, polepole. Katikati ya ubeti wa tatu pumzi ikamwishia.

Mwenzake akamgeukia. "Kitufe tena?"

"Kifua," Eliezeri alisema. Akavuta hewa ya baridi, akasubiri ubeti unaofuata.