Kinyozi wa Kitanda cha Nne

Dada yangu alikuwa na miezi mitatu tu katika hospitali ya ugenini alipopangiwa wodi ya wazee wanaume. Kazi aliijua, nyumbani alikuwa ameuguza watu miaka kumi na mmoja. Lugha ndiyo iliyomkwaza. Wagonjwa wakiongea upesi alibaki akitabasamu, hata wenzake wakambandika jina la Tabasamu, wakidhani ndiyo tabia yake.

Kwenye kitanda cha nne alilala mzee aliyepooza upande wa kulia. Alikuwa kinyozi kwa miaka arobaini, na sasa ndevu zilikuwa zimemfunika uso kama shamba lisilo na mwenyewe. Kila muuguzi aliyemkaribia na wembe alifukuzwa. Zamu ya dada ilipofika, mzee alisema kwa mdomo uliokwenda upande, "Niletee muuguzi wa hapa."

Neno hilo lilimchoma. Wakati wa mapumziko alinipigia simu, ameketi kwenye ngazi za nyuma, chakula hakijaguswa.

"Nimekuja mbali kote huku kuambiwa hivyo, mdogo wangu."

"Na huyo wa hapa akimwendea?"

"Naye humfukuza."

"Basi tatizo si wewe."

Nikamsikia akianza kula.

Kesho yake alimtazama mzee kwa makini zaidi. Akaona mkono wa kushoto ukifuta mate kwenye ndevu kila mara, kwa siri, na jinsi alivyogeukia ukutani mkewe alipoingia kumjulia hali. Dada akaelewa. Mtu aliyewakalisha wenzake kwenye kiti maisha yake yote, kukalishwa yeye lilikuwa jambo zito.

Akaleta beseni la maji ya moto, sabuni, brashi na wembe, akavuta pazia, akaketi.

"Kunyoa sijui," akasema kwa lugha yao, neno mojamoja. "Nifundishe, baba."

Mzee akamkagua kwa muda mrefu. "Mkasi kwanza," akasema.

Mkasi ukapunguza kichaka. Ikafuata taulo ya moto ili nywele zilainike, kisha povu, kwa kuzungusha brashi, si kupaka kama chokaa ukutani. Ngozi ivutwe kwa kidole gumba. Neno ambalo dada hakulielewa, mzee alimwonyesha kwa mkono wake mzima. Shavu la kushoto likatoka safi. Walipofika kulia, chini ya taya, wembe uliteleza, na tone la damu likachomoza.

Dada alikandamiza pamba kwa nguvu, maana mzee alikuwa anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Na kama vile shida huitana, pazia likafunguliwa. Alikuwa msimamizi wa wodi, mama ambaye hata viatu vyake ukivisikia vinatembea unajua vinakagua.

"Hiyo damu ya nini?"

Dada alifungua mdomo, lakini mzee akamtangulia. "Nimejitikisa mwenyewe. Binti alishika vizuri."

Msimamizi akasubiri mpaka damu ikakata, akaenda zake.

"Baba, umejitikisa saa ngapi?" dada akauliza. "Mkono wangu ndio ulioteleza."

"Najua. Mteja wangu wa kwanza nilimkata sikio. Alikuwa baba wa mchumba wangu."

"Na bado akakupa binti yake?"

"Akanipa. Alisubiri kidonda kipone kwanza."

Dada alicheka mpaka akaweka wembe chini. Mzee naye akacheka, mate yakamtoka, na safari hii hakuyaficha. Dada akamfuta.

Hata hivyo, dhamiri ilimsumbua. Kabla ya kutoka kazini alimfuata msimamizi akamweleza ukweli.

"Nilijua," msimamizi akajibu bila kuinua macho kwenye faili. "Upande ule hautikisiki. Andika taarifa, uende ukapumzike."

Baada ya hapo dada alimnyoa mzee kila baada ya siku moja. Wiki ya tatu daktari akamruhusu kurudi nyumbani, na mkewe akaja mapema ili ajifunze. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, na mkono wake uliogopa wembe. Dada alisimama nyuma yake akamshika kifundo cha mkono, wakaanza pamoja kwenye shavu la kushoto.

"Taratibu," mzee akanung'unika. "Hilo ni shavu, si kiazi."

"Mteja haongei," mkewe akamjibu.

Katikati ya kazi dada alimwachia mkono, na yule bibi hakugundua. Alipomaliza alimfuta mumewe povu, akaweka kiganja juu ya shavu lile safi, akakiacha hapo. Mzee hakugeukia ukutani. Dada akachukua beseni akaenda kumwaga maji, wala hakuharakisha kurudi.