Sufuria Tatu Kila Jioni

Kulikuwa na mshonaji mmoja aliyeshona sare za shule katika karakana iliyojaa cherehani, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa, kazi ilimwandama hadi mgongo ukakakamaa kama ubao. Lakini kilichommaliza hasa hakikuwa cherehani. Kilimngoja nyumbani, jikoni: sufuria tatu kila jioni.

Mumewe, fundi bomba, asipokula wali na mchuzi husema hajala. Binti yao, kitindamimba aliyedekezwa na baba, akiona kitunguu hufunga mdomo kama kufuli. Naye mamamkwe hupondewa viazi laini visivyo na kiungo, kwa sababu ya meno. Basi mama wa watu huingia na mkoba begani, hata viatu hajavua, akamenya huku, akakoroga kule, na akija kuketi chakula chake kimepoa na wenzake wanapiga miayo.

Jioni moja alishika kisu amenye viazi, mkono ukakataa. Haukuuma, ulikataa tu. Akakiweka kisu chini. Akatia mchele, maharage ya jana, karoti na kitunguu katika sufuria moja, akafunika, akaketi kwenye kigoda, usingizi ukamwiba.

Aliposhtuka, mamamkwe alikuwa amesimama mlangoni, ananusa. Mshonaji akaanza kuomba radhi: viazi bado, ila havitachelewa, amvumilie kidogo.

"Viazi vya nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Vyako, mama. Si kwa ajili ya meno?"

Bibi akavuta kiti, akakaa. "Lile jino bovu liling'olewa zamani. Nilipokuwa naumwa ulinipondea viazi, nikashukuru. Kesho yake ukaniletea tena, na tena. Nikasema moyoni, mgeni hachagui chakula."

"Mgeni? Mama, hapa ni kwako."

"Kama ni kwangu, mbona nalishwa viazi kila siku ya Mungu?"

Mshonaji hakujua acheke au alie. Hasira ndiyo iliyotangulia, akikumbuka viazi vyote alivyomenya huku macho yakijifumba yenyewe. Kisha ikakosa pa kutua, maana hata yeye hakuwahi kuuliza. Walikuwa wamestahiana muda wote huo, mmoja anachoka, mwenzake anakinai.

Wakala sufuria moja, bibi akaongeza mara mbili. Fundi bomba akauliza mchuzi uko wapi. Mkewe akamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba kuanzia leo kinapikwa chakula kimoja, na anayetaka cha pili jiko analijua. Mume akaitazama sahani yake, akala. Binti akanuna, akalala na kipande cha mkate. Kesho yake vilevile. Baadaye njaa ikamfunza adabu: akatenga vitunguu kimoja kimoja pembeni mwa sahani, kama anayechambua mchele, akala kilichobaki.

Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba kazi. Jumapili atachemsha maharage ya wiki nzima, yagawanywe kwenye vibakuli, yagandishwe. Fundi bomba, anayewahi kurudi, akaachiwa kumenya na kukata mboga. Mara ya kwanza alikata karoti nene kama vipande vya bomba, lakini ziliiva.

Ila Jumapili ile ya kwanza bibi alisinzia, maharage yakaungua. Wakayala hivyo hivyo Jumatatu, wakayala Jumanne, hakuna aliyetia neno. Jumatano mshonaji akaweka kijiko chini.

"Mama, haya maharage yananuka moshi."

Fundi bomba akainamia sahani. Bibi akatafuna taratibu, akameza.

"Yananuka," akasema. "Nilikuwa nangoja nione nani ataanza."

Mshonaji akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, mabega yanatikisika na sauti haitoki. Mgongo ulikuwa ungali unamuuma. Akavuta bakuli, akajiongezea, akala chakula chake kikiwa bado cha moto.