Wati Mia Tatu

Jukwaani, kwenye ukumbi wa maonyesho wa Nangang, Liao Pei-shan aliinua chupa ya chai iliyojaa nitrojeni ya kimiminika ya kupoza akaimimina kidogo kidogo kwenye kikombe cha shaba kilichofungwa juu ya kadi yake ya michoro, kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha za skrini. Moshi mweupe ukafuka ukamfunika mikono mpaka viwikoni. Kipimajoto kikashuka chini ya sifuri, kikazidi kushuka, kikatulia pale alipokitaka. Akabonyeza kitufe. Kasi ya kadi ikapanda hadi megahetsi elfu mbili na mia tisa, watu wakashangilia, na kabla shangwe haijaisha ikaporomoka mpaka elfu mbili na mia tano.

"Panda, shetani wewe," aliinong'oneza.

Haikupanda.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya kuchochea kasi za kompyuta, na waliokuwa wamebaki ni wawili tu. Kwenye meza ya pili alikaa Hsiung Kuan-ting, kijana aliyepaka nywele rangi ya fedha, bingwa wa miaka miwili mfululizo na kipenzi cha Tieluan, kampuni iliyotengeneza kadi hizo na kuyadhamini mashindano yenyewe.

"Dada Pei-shan!" Kuan-ting alimpigia kelele juu ya moshi. "Umemimina nitrojeni au supu ya tambi?"

Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine Pei-shan angemrudishia maneno mawili ya kumnyamazisha, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye namba moja tu ya skrini: wati mia tatu. Kadi ya michoro hula umeme, na kadiri unavyotaka ikimbie ndivyo inavyotaka kushibishwa. Kiwandani huwekewa kikomo cha mlo; ikikifikia, hujipunguzia kasi yenyewe, hata iwe baridi namna gani. Kadi ya Pei-shan ilikuwa baridi kuliko barafu, kwa hiyo joto halikuwa na kosa. Ilikuwa na njaa. Alijaribu kukiongeza kikomo. Kikagoma. Akajaribu tena, kikagoma tena.

Majira yote ya kuchipua alikuwa amefanya mazoezi na kadi ya aina hiyohiyo, aliyoinunua kama mteja yeyote kwenye maduka ya Guanghua, na ile ilikubali wati mia nne na hamsini bila kinyongo. Akanyoosha shingo kuchungulia skrini ya Kuan-ting.

Mia nne na thelathini.

Damu ikamchemka. Kengele ya mapumziko ilipolia alivua glavu, akazitupa mezani na kwenda moja kwa moja nyuma ya pazia.

Huko alimkuta kaka yake, Tzu-heng, ameketi juu ya kreti, akila paja la kuku na wali kwenye boksi la chakula. Tzu-heng alikuwa mhandisi wa Tieluan. Kazi yake ilikuwa kuandika maagizo yanayokaa ndani ya kadi na kuiambia itumie umeme kiasi gani, na asubuhi hiyo ndiye aliyewagawia washindani kadi zao, kila mmoja ya kwake.

"Kaka, kadi yangu imefungwa wati mia tatu."

Tzu-heng alitafuna polepole mno. "Kila kadi na bahati yake, Pei-shan. Chipu hazilingani, unajua."

"Sijakuuliza habari za chipu! Chipu mbaya hukwama popote inapojisikia. Hii inakwama palepale kila mara, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nani kaifunga?"

"Punguza sauti, mdogo wangu."

"Nani kaifunga?"

Tzu-heng akaweka vijiti chini. Akatazama pazia, akatazama viatu vyake. "Mimi."

Pei-shan alikuwa ameshajua kabla hajaingia, lakini neno lenyewe lilimpiga kama kofi.

"Meneja Fang ndiye aliyeagiza," Tzu-heng akaendelea harakaharaka. "Kadi zote zifungwe, isipokuwa ya Kuan-ting. Masanduku ya toleo jipya yameshachapwa, yamejaa ghalani na sura yake juu, 'Chaguo la Bingwa.' Ningefanyaje? Wewe unafikiri mimi nina sauti pale?"

"Ungeniambia."

"Niliona haina haja. Sikudhani utafika fainali."

Huyu ndiye aliyemfundisha kushika chuma cha kulehemu, alipokuwa mdogo, kidevu chake hakijafika hata ukingo wa meza. Huyu ndiye aliyemwambia ana mkono mwepesi kuliko wake. Pei-shan alilikumba boksi la chakula kwa mkono, wali na kabichi vikatapakaa juu ya shati jeupe lenye nembo ya kampuni.

"Kumbe hivyo!" alisema. "Hukunifunga kwa sababu uliniogopa. Ulinifunga kwa sababu hukunihesabu kabisa!"

Pazia likafunguka. Meneja Fang, mtu mnene mwenye kadi ya jina shingoni, aliutazama wali sakafuni kisha akautazama mkono wake wenye saa.

"Bi Liao, unangojwa jukwaani."

"Umenifunga miguu, meneja, sasa unaniambia nikimbie?"

"Kadi zetu, jukwaa letu, zawadi zetu," Fang alisema, bila hata kukunja uso. "Nafasi ya pili siyo aibu. Kunywa maji, tulia, rudi ukamalize."

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Fang hakuona haya kuivuta mchana kweupe. Pei-shan alimkata jicho, akampita, akarudi jukwaani. Hakwenda mezani kwake. Alikwenda kwa Kuan-ting.

"Nyanyuka uje uone kitu."

"Nini tena? Umeshakubali kushindwa?"

"Kadi yangu inaruhusiwa wati mia tatu. Yako inakula mia nne na zaidi. Hizo ndizo kadi sawa walizotuapia."

Tabasamu la Kuan-ting likafa. "Unaniita mwizi mbele za watu?"

"Sijakuita mwizi. Nakuita kipofu. Njoo uangalie."

Alikuja, akitembea kwa maringo ili watu wasidhani anatumwa. Aliinama kwenye skrini ya Pei-shan, akakishika kikomo akajaribu kukisogeza. Kikagoma. Akajaribu kwa njia nyingine, na nyingine tena. Mwishowe akaacha, akasimama wima, masikio yamemwiva. Akamtafuta Meneja Fang kwa macho chini ya jukwaa. Fang alikuwa ameinamia simu yake, anajifanya kusoma.

"Na miaka miwili iliyopita?" Kuan-ting aliuliza kwa sauti ya chini. "Nayo walifanya hivi?"

"Sijui. Waulize wao."

Kuan-ting alivuta kiti cha Pei-shan akakaa.

"Nenda kakae kwangu," alisema. "Nenda, dada, kabla sijabadili mawazo."

Mshereheshaji alidhani ni mchezo uliopangwa, akatangaza kwa mbwembwe kwamba wapinzani wamebadilishana viti, na ukumbi ukalipuka. Fang akainua kichwa. Akaanza kupunga mikono, simamisha, simamisha, lakini moshi ulikuwa umeshatanda kwenye meza zote mbili.

Kuan-ting alimimina kwa ufundi wake wote. Kasi ikaruka juu, ikaanguka hadi elfu mbili na mia tano. Akaongeza baridi, ikaanguka palepale. Alitoa tusi la Kitaiwani lililomfanya mama mmoja wa safu ya mbele amzibe mtoto wake masikio.

Pei-shan hakumtazama. Alikuwa ameipa kadi ya Kuan-ting umeme kwa hatua ndogondogo, akiisikiliza kwa vidole. Mia nne. Mia nne na ishirini. Kasi ikapita elfu tatu, ikashika, ikapanda tena, na ikabaki hukohuko mpaka jaribio likaisha. Alama zilipotokea kwenye skrini kubwa zilikuwa zimeipiku rekodi ya Kuan-ting ya asubuhi. Watu walisimama juu ya viti.

Hapo jukwaa zima likazima. Feni zikanyamaza, skrini zikawa nyeusi, kipaza sauti kikafa. Fang alikuwa ameagiza umeme ukatwe. Kuan-ting akapanda juu ya meza, akazungushia mikono kinywani na kupaza sauti: "Kadi zimefungwa! Yangu tu ndiyo haikufungwa! Mmesikia? Walinibeba!" Simu mia zikainuliwa kumrekodi.

Kesho yake kampuni ilitangaza kwamba hakuna mshindi kwa sababu ya "hitilafu ya umeme." Pei-shan aliposoma maneno hayo alicheka mpaka akakohoa, na hasira ikabaki palepale. Kuan-ting alivunja mkataba, na yale masanduku yakabandikwa karatasi kuficha uso wake. Tzu-heng hakufukuzwa.

Sikukuu ya mashua za joka mama yao aliwaita wote wawili, kwa kuwa alikuwa amepika zongzi, wali uliofungwa kwenye majani, na hakutaka visingizio. Tzu-heng alimmenyea mdogo wake moja, akamvulia majani yote, akaliweka kwenye bakuli lake.

"Pei-shan. Nilikosea."

"Ulikosea nini? Mwambie mama kwa kinywa chako."

Akamwambia. Mama yao alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalichukua lile zongzi kutoka kwenye bakuli la Pei-shan akalirudisha kwa Tzu-heng.

"Atakula nitakalommenyea mimi," alisema. "Wewe subiri aseme mwenyewe lini ataweza kukusamehe."

Pei-shan alikula la mama yake, akaaga.

Mwezi uliofuata yeye na Kuan-ting walishindana kwenye gereji ya mjomba wa Kuan-ting huko Sanchong, katikati ya pikipiki zilizofunguliwa injini, kwa kadi mbili walizozinunua pamoja dukani na kuzipima vikomo mbele ya kila aliyetaka kuona. Pei-shan alishindwa kwa alama chache. Aliipiga meza ngumi, akaitukana nitrojeni, akaitukana glavu yake iliyotoboka.

"Supu ya tambi?" Kuan-ting aliuliza.

"Funga mdomo. Leta chupa nyingine."