Moyo wa Fundi Cherehani

Mume wangu alipoulizwa umri kule hospitali alisema sitini na moja. Alikuwa na sabini na moja. Nilipomjia juu akanijibu, "Wateja kutwa wananidanganya kiuno. Mimi nikidanganya umri kuna ubaya gani?" Kisha akaenda kwa kinyozi kupaka nywele rangi nyeusi, akarudi kichwa kinang'aa, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Madaktari wa utafiti pale walikuwa wanatafuta watu wa kukaa kitako kutwa, wasiozidi miaka sitini na tano. Wangekimbia kwenye mashine na kuendesha baiskeli isiyokwenda popote kwa miaka miwili, halafu wapimwe kama mioyo yao imelainika. Moyo wa fundi wangu ulikuwa umeshaanza kukakamaa. Ngazi za kwetu, ghorofa ya tatu, alizipanda kwa kupumzika pumzika, na alilala ameegemea mito. Ndiyo faida ya kukaa kwenye cherehani tangu hajaota ndevu. Alitaka apate muda zaidi na mimi. Alisema hivyo mwenyewe, anatunga uzi kwenye sindano, hata kuniangalia haniangalii.

Alijituma, sitasema uongo. Mvua, jua, yeye yuko huko. Miguu ikashupaa, tumbo likaisha, suruali zote akazipunguza mwenyewe. Ila ngazi zilibaki zilezile, naye akawa ananiambia nisiwe na haraka.

Siku ya majibu, daktari, binti mdogo tu, alitazama picha za moyo akakunja uso.

"Miguu yako mizuri, baba. Lakini moyo uko vilevile, mgumu. Wenzako wa rika lako umewalainikia. Hainiingii akilini."

Nikamfinya fundi paja. Ndipo akautaja umri wake wa kweli, kwa sauti ya chini.

Daktari hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. "Ndiyo maana tuliweka mpaka, baba. Wa umri wako tulishawajaribu. Mazoezi yanawasaidia mengine, lakini moyo ukishakaza hivyo, haulegei tena. Ungekuja ukiwa na hamsini."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, kazi yako?"

"Natia vifungo. Nakaa hapo hapo kando yake."

"Umri?"

"Hamsini na nne. Na mimi sijapunguza."

Uso ukamkunjuka. Akasema mimi ndiye hasa wanayemtafuta, nikianza sasa moyo wangu utanifikisha mbali.

Tulirudi nyumbani. Kabla ya ghorofa ya pili fundi aliishiwa pumzi, akakaa kwenye ngazi, nikakaa naye.

"Uende wewe," akasema. "Usilete ukaidi."

Hasira zikanipanda. "Nikalainishe moyo ili iweje? Nikuzike, halafu nitie vifungo miaka thelathini peke yangu? Sitaki. Uache ukauke."

Alikuwa anahema tu, kanishika mkono, na mimi machozi nayameza, maana nikilia yeye ndiye atakayenibembeleza, na pumzi hana.

Jirani wa juu akashuka na ndoo, tukajibana apite.

"Fundi, mazoezi yamekukubali," akasema. "Umekuwa kijana kabisa."

Fundi akamshukuru. Jirani alipopotea akajaribu kusimama, akakaa tena.