Wimbo wa Kumzika Mama

Mama hakuacha mazishi yake yapangwe na watu wenye haraka. Alichagua gauni, akachagua mahali pa kaburi, akamtaja hata shemeji yake mmoja ambaye asipewe kipaza sauti kwa sababu hajui kunyamaza. Mwisho akawatazama wanawe watatu waliozunguka kitanda.

"Na mniimbie wimbo wangu," alisema. "Nikisikia mwingine, nafumbua macho."

Wote watatu walicheka, wakaahidi.

Wimbo wenyewe ulitungwa na binti wa kati, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu ya kwaya ya kanisa. Aliutunga Mama alipougua mara ya kwanza: "Unitambue nikifika, Bwana, nimechoka na njia." Kwenye "njia" sauti zote hupanda na kukaa huko juu, na Mwalimu huinua kiganja cha kulia, kikiwa wazi. Kiganja kikiwa juu, hakuna anayethubutu kunyamaza. Kikishuka, wamemaliza.

Kisha siasa ikaja. Mwalimu hakuburutwa, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Aliamini kwamba mtu anayeomba haki Jumapili halafu Jumatatu akajifungia ndani anamfanyia Mungu mchezo. Chama kilizungumza habari za wajane na dawa hospitalini, naye akaipeleka kwaya ikafungue mkutano wao kwa wimbo. Watu wakaupenda kupita kiasi. Haukupita muda, jina la Bwana likaondolewa, likawekwa la mgombea, na vijana wakawa wanapita mitaani wameinua viganja vya kulia, vilevile anavyofanya yeye. Ndiyo, alama ya chama ilitoka kwenye mkono wake. Alikwenda ofisini kwao kuomba waurudishe wimbo kanisani. Karani akamcheka kwa upole.

"Mwalimu wangu, wimbo sasa una watu wengi kuliko kanisa lako. Mshukuru Mungu."

Vijana waliimba wimbo huohuo, viganja juu, walipokwenda kuchoma duka la shemeji yake Mwalimu, mume wa Kitinda, mdogo wake wa mwisho. Kosa lake lilikuwa kushabikia upande wa pili. Alitoka mle ndani mikono imeungua mpaka viwiko, na hadi leo hulishwa kwa kijiko.

Sasa Mama amefariki, na wanawe wamekaa kwenye sebule yake, kila mmoja kwenye kiti chake cha utotoni.

"Mama tulimwahidi," alisema Kaka Mkubwa. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama pale mtaani, na siku ya moto eti alikuwa safarini.

"Usinifundishe ahadi, kaka," Kitinda alijibu. Akamgeukia Mwalimu. "Dada, nisikilize vizuri. Ukiinua ule mkono kaburini kwa Mama, mimi sina dada tena."

"Siuinui, mdogo wangu. Tutaimba polepole, maneno yale ya mwanzo, ya Mama. Mikono nitaiweka nyuma. Nipe hilo moja tu."

"Kwa ajili ya Mama," alisema Kitinda.

Mwalimu aliomba. Aliomba akiosha vikombe vya waombolezaji, akaomba akipiga pasi sare ya kwaya, na akamwambia Mungu waziwazi kwamba haelewi tena amkosee nani ili ampendeze nani. Hakujibiwa kitu. Akawaambia wanakwaya wamtazame kichwa, si mikono, nao wakaitikia.

Kaburini alisimama na mikono nyuma, vidole vimeshikana. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Watu walitulia. Kaka Mkubwa naye mikono yake ilikuwa mifukoni. Upande wa pili wa jeneza, Kitinda alikuwa amesimama na mumewe, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anaimba. Mwalimu alimwona, moyo ukamjaa, akadhani amejibiwa.

Ikafika "njia". Sauti zilipanda, na huko juu hazikuona mkono wa kuzishika. Wanawake wa sauti ya kwanza wakakata, wanaume wakaendelea, mmoja akaanza upya. Mwalimu alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini nani angemwona, na macho yote yamejaa machozi? Wimbo wa Mama ulikuwa unavunjika juu ya jeneza lake.

Mkono ukapanda wenyewe. Hakuuamuru. Miaka yote ulikuwa unapanda hapohapo.

Sauti zikashikana mara moja, tamu kuliko siku zote. Na nyuma ya waombolezaji kikainuka kiganja kimoja, kisha vitano, kisha vingi, na mtu akapaza jina la mgombea. "Shusheni!" Kaka Mkubwa alipiga kelele. Nani amsikie?

Kitinda aliacha kuimba. Alimtazama dada yake, akautazama ule mkono, kisha akamshika mumewe begani, kwa kuwa mikononi hashikiki, akamgeuza. Wakaondoka polepole katikati ya makaburi, na hakugeuka nyuma.

Mwalimu alitaka kuushusha mkono, lakini ulikuwa umeshaonekana. Mbele yake kwaya ilimkodolea macho, mishipa ya shingo imewasimama, pumzi zinawaishia. Walikuwa wanangoja kiganja kishuke, na kiganja kilikuwa bado juu.